UZI: Nimeizamia Empress of Ireland, meli iliyozama kwa dakika 14 na kuondoka na watu 1,012

Baharia wa Tanga (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Titanic kila mtu anaijua. Humu ndani nimeshaona nyuzi zake hata sijui ngapi. Lakini nikiwauliza watu kuhusu Empress of Ireland, hata wenzangu tunaoishi nao huku Kanada, wengi wananitazama tu. Nimeona niwafungulie uzi wake, kwa sababu hii meli nimeigusa kwa mkono wangu. Imelala chini ya mto St. Lawrence, karibu na Rimouski, jimbo la Québec, kwenye kina cha mita kama 40, na saa yangu ya mbizi ilisoma nyuzi 2.

Kwa asiyenijua: mimi ni mtoto wa Tanga. Nimeanza kupiga mbizi kabla sijajua kuandika jina langu, natafuta pweza na kaka zangu kwa miwani ya kuazimana. Baadaye nikafanya kazi ya kuongoza watalii chini ya maji kule Unguja. Maji yetu mnayajua, nyuzi 26, 28, kusi ikivuma unasema leo kuna baridi. Nilipohamia Montréal nilidhani mimi ni mzamiaji kamili. Maji ya huku yalinifundisha upya, na hilo ndilo nitakalolieleza zaidi kuliko historia. Watu huogopa kina. Mimi nawaambia kwenye meli hii kinachoamua kila kitu ni baridi, kuanzia nguo mpaka hewa unayovuta, na ndiyo iliyowaua wengi wa wale waliofanikiwa kutoka ndani ya meli.

Naandika kwa vipande, nikitoka kazini. Mwenye swali asisite.

Mama Swaumu

Nimekaa mkeka kabisa. Endelea mwanangu.

Kifaru Mweusi

Mkuu, mto una kina cha mita 40? Na meli kubwa inazamaje mtoni?

Baharia wa Tanga

Kifaru, ukisikia mto usifikirie Pangani. Pale Rimouski upana wake ni zaidi ya kilomita 40, maji ni ya chumvi, kuna nyangumi, na maji yanajaa na kupwa kama kwetu. Wenyeji wenyewe wanauita bahari.

Sasa kisa chenyewe. Empress of Ireland ilikuwa meli ya abiria ya kampuni ya Canadian Pacific. Iliundwa Govan, Glasgow, ikashushwa majini Januari 1906. Urefu wake mita 174. Miaka minane ilikuwa ikipiga Liverpool na Québec, kwenda na kurudi, na maelfu ya wahamiaji walioingia Kanada walikuja nayo. Wajukuu wao wako hapa hapa leo.

Tarehe 28 Mei 1914 jioni iliondoka Québec ikiwa na watu 1,477. Ndani yake kulikuwa na kundi la Jeshi la Wokovu, watu wapatao 170 pamoja na bendi yao, wanakwenda kwenye mkutano wao London. Nahodha alikuwa Henry Kendall. Huyu alikuwa na jina tayari: mwaka 1910, akiwa kwenye meli nyingine, ndiye aliyemtambua daktari Crippen, mtuhumiwa wa mauaji aliyekuwa anatoroka, akatuma taarifa kwa redio ya simu za upepo.

Usiku, baada ya kumshusha rubani (mwenyeji anayeongoza meli mtoni) Pointe-au-Père, Kendall aliona taa za meli nyingine inakuja. Ilikuwa Storstad ya Norwei, imesheheni makaa ya mawe. Hali ya hewa ilikuwa safi, kila mmoja kamwona mwenzake. Kisha ukungu ukashuka ukawafunika wote wawili. Karibu saa nane usiku Storstad ilitokea kwenye ukungu ikaipiga Empress ubavuni upande wa kulia, katikati. Omo ya Storstad ilikuwa imeimarishwa kwa ajili ya barafu, ikaingia kama kisu kwenye papai. Kendall alipiga kelele kwa kipaza sauti kumwomba yule mwenzake asirudi nyuma, aendelee kusukuma mbele ili omo yake izibe kile kidonda. Haikuwezekana. Meli ziliachana, maji yakaingia.

Dakika 14. Titanic ilichukua zaidi ya saa mbili na nusu.

Fundi Gesi

Dakika 14 kwa meli ya mita 174? Milango ya kuzuia maji ilikuwa haifungiki?

Baharia wa Tanga

Swali la msingi hilo. Milango ilikuwepo lakini ilifungwa kwa mkono, mtu asimame azungushe. Meli ilianza kulala upande wa kulia haraka mno, waliokwenda kuifunga hawakuwahi. Halafu kuna vidirisha vya duara. Vile vya chini vilikuwa karibu sana na usawa wa maji, na vingi viliachwa wazi kwa sababu vyumba vilikuwa na joto na hewa nzito. Meli ilipoinama, kila kidirisha kilichokuwa wazi upande wa kulia kikawa bomba la kuingizia maji. Taa zikazimika. Abiria wa daraja la tatu, upande ule ule wa kulia, wengi hata kitandani hawakuinuka.

Mashua za kuokolea zilikuwa za kutosha watu wote, maana Titanic ilikuwa imezama miaka miwili tu nyuma na somo lilikuwa limeshapatikana. Lakini meli ikilala ubavu, mashua za kushoto zinaegemea kwenye sitaha, hazishuki. Zile za kulia zinaning'inia mbali na watu. Ni chache tu zilizoteremka.

Walikufa 1,012, wakapona 465. Watoto walikuwa 138. Waliopona ni wanne. Mmoja wa hao wanne, Gracie Hanagan, binti wa kiongozi wa ile bendi ya Jeshi la Wokovu, ndiye aliyekuja kuwa wa mwisho kabisa kati ya manusura wote. Alifariki 1995.

Uchunguzi uliongozwa na Lord Mersey, yule yule wa Titanic, ukailaumu Storstad kwa kubadili mwelekeo ndani ya ukungu. Wanorwei wakafanya wa kwao, wakaisafisha. Mabishano hayo hayajaisha mpaka leo, mimi siyaingii. Miezi miwili baadaye vita vikuu vya kwanza vikaanza, na dunia ikapata maiti wengine wa kuhesabu.

Mwana wa Bukavu

Ndugu, mimi niko Québec mwaka wa sita sasa, nimepita Rimouski mara mbili na sikuwahi kujua. Asante sana. Sasa tuambie namna ya kushuka huko. Nyuzi 2 mtu anaishije?

Baharia wa Tanga

Ndugu yangu wa Bukavu, hapa ndipo penyewe.

Maji huondoa joto mwilini kama mara 25 kuliko hewa. Ukiingia maji ya nyuzi 2 na fulana, vidole vinakataa kazi ndani ya dakika chache, na mzamiaji asiye na vidole hana uhai. Kwa hiyo huku tunavaa suti kavu. Haiingizi maji kabisa, shingoni na mikononi imebanwa kwa mpira. Ndani unavaa nguo nene kama za mtu anayekwenda Kilimanjaro, juu unavaa kofia ya mpira nene, na glavu kavu zilizofungwa kwa pete kwenye mikono ya suti. Kadiri unavyoshuka, mgandamizo unaibana suti mwilini, hivyo unaongeza gesi ndani yake kwa kitufe kifuani. Ukipanda, unaitoa. Unajifunza kuogelea upya, kwa sababu lile povu la gesi likihamia miguuni unageuka kichwa chini kama popo.

Kuhusu kupumua: kila mita 10 mgandamizo unaongezeka bari 1 (bari ni kipimo cha mgandamizo). Kwa mita 40 ni bari 5, nne za maji na moja ya hewa iliyo juu yake, maana yake kila pumzi inakula hewa mara tano ya juu. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya maji anatumia 100 kule chini. Mitungi pacha ya lita 12, ikijazwa bari 200, ina lita 4,800. Gawa mwenyewe, ni dakika 48 mpaka ikauke kabisa. Lakini hakuna mwenye akili anayepanga kuikausha. Kanuni ya kuingia sehemu yenye dari ni theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya mwenzako akipatwa na jambo. Zile dakika 48 zimeshakuwa 16 za kwenda.

Halafu nitrojeni. Ukiivuta kwenye mgandamizo mkubwa inalevya kama pombe, na kwenye giza na baridi ulevi wake ni mbaya, unakuja na hofu. Kwa sababu hiyo tunachanganya heliamu. Mimi nilishuka na oksijeni asilimia 21, heliamu 35, iliyobaki nitrojeni. Mtungi mwingine mdogo ubavuni ulikuwa na oksijeni asilimia 50, wa kutumia wakati wa kupanda kuanzia mita 21. Na wa tatu, kidogo kabisa, wa kujazia suti peke yake. Wengi wanauliza kwa nini usijaze suti kwa gesi ile ile unayopumua. Jibu: heliamu inapitisha joto haraka mno, ukiijaza kwenye suti umejivika nguo ya baridi.

Fundi Gesi

Mkuu, mimi ni fundi wa mitungi Dar, nimefurahi. Swali: ile gesi ikitoka mtungini inapoa sana. Kwenye nyuzi 2 vali haigandi?

Baharia wa Tanga

Inaganda. Na mimi iligandia mdomoni. Ngoja nisimulie.

Mara yangu ya kwanza kwenda pale ilikuwa Julai. Chombo kilitoka alfajiri, tukafunga kwenye boya lililounganishwa na meli chini. Kule unashuka kwa kamba tu, ukiiachia mkondo unakuchukua, na ukipanda pembeni ya kamba utaibukia mbali na chombo. Tulisubiri maji yasimame. Siku hiyo yalikuwa maji mafu, mkondo mdogo, kila mtu alikuwa na matumaini.

Nikiwa juu ya chombo nilifanya kosa. Nilivuta pumzi tatu nne kwenye regyuleta, kile kifaa cha mdomoni kinacholeta gesi kutoka mtungini, kuijaribu, hewa ya alfajiri ikiwa baridi. Pumzi ya binadamu ina unyevu, na unyevu ule ulibaki ndani. Niliambiwa darasani usivute mpaka uwe majini. Nilijua. Mazoea ya Unguja yakanishinda, kule kila mtu anavuta juu ya boti kuhakikisha.

Tukashuka. Mita 5 kijani, mita 10 kijani cheusi, mita 15 giza. Baridi inakupiga kwenye midomo kwanza, ndiyo sehemu pekee iliyo wazi, mpaka unahisi kama si yako. Mita 21 hivi nilibonyeza kitufe cha kujaza suti, na wakati ule ule nikavuta pumzi ndefu. Hapo regyuleta ikafunguka yenyewe. Gesi inatoka mtungini kwenye bari 200 na kushushwa mpaka kama bari 10 kwa mpigo mmoja, inapoa vibaya sana, na ule unyevu ukageuka barafu ukaishikilia vali isifunge. Sauti yake ni kama lori linaloachia breki za upepo lakini haiachi. Mapovu yalinifunika uso wote, sikuona saa, sikuona mwenzangu, sikuona hata kamba niliyoishika.

Nikapeleka mkono wa kulia nyuma ya kichwa kutafuta kishikio cha vali. Glavu ni nene, chini yake kuna glavu nyingine ya sufu, unapapasa kama mtu anayetafuta sarafu akiwa amevaa mito. Nilikipata, nikazungusha, nikazungusha tena, kikateleza. Mara nikahisi mkono wa mwenzangu juu ya wangu. Alizungusha mizunguko ya mwisho, kelele zikakatika, na mimi nikawa nimeshatia mdomoni regyuleta ya pili, ile inayoning'inia shingoni, ambayo ina vali yake peke yake. Kimya. Nilisikia moyo wangu masikioni.

Mwenzangu aliniwashia taa kwenye kipimo changu. Robo ya gesi ilikuwa imekwenda, kwa muda ambao sidhani ulifika dakika. Akaonyesha dole gumba juu. Kwenye mbizi dole gumba maana yake ni "tunapanda", na halijadiliwi. Chini yangu niliona kitu cheupe kimetanda, mita tano sita. Ilikuwa meli. Tukapanda.

Mama Swaumu

Ya Rabi. Alhamdulillah uko nasi. Na baada ya hapo ukarudi tena?

Kifaru Mweusi

Huyo mwenzako mpe salamu zetu. Na meli mliiacha mita tano mbele yenu!

Baharia wa Tanga

Salamu nitazifikisha. Nilirudi, lakini mwaka uliofuata. Mwaka mzima nilikuwa naingia maziwa ya Ontario. Kule Tobermory kuna hifadhi ya chini ya maji, Fathom Five, yenye meli za mbao za karne ya 19 zilizotunzwa vizuri ajabu, kwa sababu maji baridi yasiyo na chumvi hayana wadudu wanaokula mbao. Nilizungusha vali zangu gizani mpaka mkono ukajua njia wenyewe. Nikapata regyuleta iliyofungwa isiingie maji kwenye springi.

Naandika siku ya pili kesho, panahitaji utulivu.

Mwana wa Bukavu

Tunasubiri, ndugu. Usituache kwenye kamba.

Kifaru Mweusi

Kabla hujaendelea: mali ipo? Nasikia meli za zamani zinakuwa na dhahabu.

Baharia wa Tanga

Kifaru, ilikuwepo fedha, si dhahabu. Wazamiaji walitumwa kiangazi kile kile cha 1914, na zile kofia za shaba na hewa ya kusukumwa kwa bomba. Walitoa miili, wakatoa mifuko ya barua 318 na mikuo 212 ya fedha. Mmoja wao, Edward Cossaboom, aliteleza kutoka ubavuni mwa meli akaenda chini ghafla, mgandamizo ukamuua. Kwa hiyo meli ilichukua mtu mwingine hata baada ya kuzama.

Mwaka 1964 ikagunduliwa upya na wazamiaji wa Kanada, na kwa miaka mingi watu walijichukulia tu: sahani, vidirisha, taa. Wengine walitoka hata na mifupa. Mwaka 1999 serikali ya Québec ikaiweka chini ya ulinzi wa sheria. Leo ukitoa hata msumari ni kosa. Na wazamiaji kadhaa wa siku hizi wameacha maisha yao pale, wengine wakiwa na uzoefu kuliko mimi.

Mimi sikuingia ndani. Nilikuwa na mitungi na mafunzo ya kuingia, lakini kuta za ndani zimeoza, zinaanguka, na tope lililojaa vyumbani ukilitikisa kwa pezi moja unabaki kipofu. Zaidi ya hayo, ndani kuna watu. Siyo wa kwangu wa damu, lakini ni watu, na kaburi la watu huliingii kutazama.

Baharia wa Tanga

Siku ya pili.

Agosti, asubuhi, maji yamesimama. Safari hii regyuleta sikuivuta mpaka uso ulipokuwa majini. Tulishuka polepole. Mita 20 nilianza kuona weupe. Mita 27 nikatua.

Sikilizeni nilitua wapi. Empress imelala kwa ubavu wa kulia, kama ilivyolala usiku ule. Kwa hiyo unaposhuka kutoka juu, hufikii sitaha, unafikia ubavu wa kushoto, ambao sasa ndio umekuwa paa. Ni uwanja wa chuma. Umefunikwa na anemoni weupe, wanyama wa baharini wanaofanana na maua, maelfu, wamesimama kama koliflawa kwenye shamba, na wanapoguswa na mkondo wote wanainama upande mmoja. Katikati ya anemoni hao kuna safu ya vidirisha vya duara, kimoja baada ya kingine, mpaka mwanga wa taa unapoishia.

Usiku ule, meli ilipolala kabisa, ubavu huu ulibaki juu ya maji kwa dakika chache. Mamia ya watu walipanda hapa. Wengine walivuka reli, wengine walijipenyeza kwenye vidirisha hivi hivi. Daktari wa meli, James Grant, kijana aliyekuwa ametoka chuo mwaka mmoja tu nyuma, alikwama kichwa kwenye kimojawapo mpaka abiria akamvuta akatoka. Yeye ndiye aliyewahudumia manusura baadaye kwenye Storstad. Wakakaa hapa juu ya chuma, na nguo za kulalia, miguu mitupu, kama watu waliokaa ufukweni, maji yakiwapandia taratibu. Wengine walidhani meli imegota chini na haitazama zaidi, kwamba wamepona.

Nilipiga magoti kwenye chuma hicho. Kati ya anemoni wawili palikuwa na sehemu tupu ya ukubwa wa kiganja, nikaona vichwa vya ribiti, vya duara, vimepangana sawasawa, kazi ya mafundi wa Govan ya 1906. Nikaweka glavu. Kidirisha cha mbele yangu kilikuwa hakina kioo. Nilikipima kwa macho na mabega yangu. Mimi na suti yangu nisingepita. Mtu mwembamba, mwenye nguo ya kulalia iliyolowa, labda. Mtoto angepita bila shida, kama angekuwepo mtu wa kumnyanyua, maana meli ikiwa imelala, kidirisha kilikuwa darini kwao.

Nilitazama saa. Ilisoma dakika 14 tangu nitue. Sikuwa nimefanya kitu chochote. Nilikuwa nimeogelea mita chache kando ya safu ya vidirisha, nimetazama ribiti, nimepima dirisha kwa macho. Nilidhani ni dakika tano.

Baada ya hapo tulifuata ubavu mpaka karibu na omo, tukachungulia ukingo unaposhuka kwenye giza, mita 36, tukageuka. Dakika 25 jumla. Sikupiga picha hata moja.

Sauti ya Mwanza

Mleta uzi, nimesoma mpaka hapo nikaweka simu chini.

Mimi baba yangu mdogo alikuwa MV Bukoba, 21 Mei 1996. Nilikuwa darasa la nne. Watu wazima walisimulia kwamba meli iligeuka juu chini ikabaki inaelea, na waliokuwa ndani walisikika wakigonga. Sisi tulikaa Nyamagana siku nyingi tunasubiri miili. Walikuja wazamiaji, wengine kutoka Afrika Kusini. Baba mdogo hakupatikana. Nilikuwa nawachukia wale wazamiaji, nikiwa mtoto, kwa sababu walikwenda chini na hawakurudi naye. Leo kwa mara ya kwanza nimeelewa kule chini kukoje. Asante kaka.

Baharia wa Tanga

Kaka, pole sana. Mwenyezi Mungu amlaze baba mdogo pahali pema.

Nikuambie jambo moja kama mtu wa kazi hii. Ziwani kwenu baridi siyo kama ya huku, lakini ndani ya meli iliyopinduka, gizani, kila kitu kiko kinyume: mlango uko juu, ngazi inakwenda chini, magodoro na mizigo inaelea darini. Mzamiaji anapapasa tu. Anapomgusa mtu, anamvuta kupitia njia ile ile finyu aliyoingilia, na hewa yake inahesabika. Wale waliofanya kazi ile pale Mwanza, kila aliyemtoa alimtoa kwa mikono. Na waliyemwacha, naamini hawakumsahau. Mimi siku moja tu nimetazama kidirisha kitupu na bado nakiona.

Pointe-au-Père kuna makaburi ya waliopatikana, wengi hawakutambulika majina. Kila nikienda nasimama hapo kwanza kabla ya chombo. Safari ijayo nitamwombea na baba mdogo.

Sauti ya Mwanza

Amina, kaka. Sina la kuongeza.

Mwana wa Bukavu

Na sisi tuna ziwa Kivu na Tanganyika, kila mwaka tunazika. Nimeguswa. Kiangazi nikija Rimouski, mtu asiyezamia anaona nini?

Baharia wa Tanga

Anaona mengi, ndugu. Pale pale Pointe-au-Père kuna jumba la makumbusho la Empress, vitu vingi vilivyotolewa kabla ya 1999 vimewekwa humo. Jirani yake kuna mnara wa taa wa 1909, unaupanda mpaka juu, na manowari ya jeshi la Kanada, Onondaga, unaingia ndani. Nenda siku ya ukungu ukiweza. Simama ufukweni uone jinsi boya la mita mia mbili linavyopotea kwa dakika mbili, utaelewa habari ya Storstad kuliko kitabu.

Binti Kisiwani

Samahani kaka, mimi ni mwongozaji wa mbizi Nungwi, miaka mitatu sasa. Nataka kufika huko siku moja. Nianzie wapi? Na swali la pili: mkipanda, mnasubiri kwenye kamba muda gani, na mnakuwa mnafanya nini?

Baharia wa Tanga

Dada yangu, hongera, wanawake kwenye kazi hii kule kwetu bado ni wachache.

Anza na ulichonacho hapo. Jifunze kutulia sehemu moja majini bila kushika kitu na bila kupiga mapezi, dakika kumi, usipande wala kushuka hata nusu mita. Ukiweza hilo umeshamaliza kazi kubwa. Kisha mitungi pacha na kufunga vali zako mwenyewe. Kozi ya suti kavu itabidi uifanyie penye baridi, na usiikimbize. Wengi wanafika na vyeti vya kina kirefu walivyopata kwenye maji ya joto, wanadhani mita 40 ni mita 40. Niliyokuwa nayo mimi yalikuwa mawazo hayo hayo, umeyaona yaliponifikisha.

Kuhusu kusubiri: siku ile ilikuwa kama dakika 20 jumla, vituo vifupi kuanzia mita 21 nilipobadili gesi, na kirefu zaidi mita 6. Hapo nitrojeni na heliamu zilizoingia mwilini zinatoka taratibu kwa pumzi. Ukikatisha, zinatoka kama povu la soda ndani ya damu. Na baridi inakuja hapo hapo, kwa sababu chini ulikuwa unaogelea na hapa umening'inia tu. Mwili ukipoa, damu inakimbia ngozi na viungo, na gesi inachelewa kutoka, ndiyo maana ukihisi baridi kali unaongeza dakika badala ya kupunguza. Inauma, lakini ni hivyo.

Ninachofanya: nahesabu. Nakunja na kukunjua vidole, kumi, mapumziko, kumi tena. Glavu ya kushoto ilikuwa imeanza kuvuja tundu dogo la sindano, maji yamefika kwenye vifundo, kidole kidogo nilikuwa sikihisi. Mwenzangu ananitazama usoni kila dakika, namwonyesha ishara ya sawa, naye ananionyesha. Juu yetu niliona tumbo la chombo na mwanga, jua lilikuwa limetoka. Kamba ilikuwa inatetemeka mkononi kwa mawimbi ya juu.

Tulipotoka nilishindwa kufungua zipu. Yule mama mwenye chombo alikuja na birika, akanimwagia maji ya vuguvugu kwenye mikono, kwanza wa kushoto, akasema kwa Kifaransa niketi, nisiongee.